Maswali ya Wasomaji: Barua Ndani ya Hadithi za Watoto

Tangu tuchapishe hadithi fupi ya watoto wawili walioandikiana kwa mwaka mzima bila kuonana, maswali mengi yanayotufikia yamekuwa ya jambo hilo hilo, nami nimeamua kuwaachia waulizaji wake safu nzima ya toleo hili. Baadhi ya maswali nimeyafupisha, na majina ya walioyaleta nimeyahifadhi.

Mwalimu, pokea salamu kutoka Kakamega. Ninasimamia chama cha uandishi katika shule ya msingi, na muhula huu niliwapa wanafunzi kazi ya kutunga hadithi ya marafiki wawili wa kalamu, mmoja akiwa Nakuru na mwingine akiwa ufuoni mwa Ziwa Victoria. Nimesoma hadithi thelathini na moja. Karibu zote zinaanza kwa "natumai u buheri wa afya, mzima kama kigongo", zote zinaeleza kila kitu tangu barua ya kwanza, na hakuna hata moja iliyonitia hamu ya kujua barua inayofuata itasema nini. Nimekosea wapi?

Hukukosea, Mwalimu, na watoto wako hawakukosea pia, kwa sababu walichokifanya ni kutii mtihani. Kwa miaka mingi, hadi KCPE, mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi, ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, barua ya kirafiki ilikuwa miongoni mwa insha ambazo mtoto alifunzwa kuziandika kwa mpangilio usiobadilika: anwani juu upande wa kulia, tarehe chini yake, salamu sufufu, madhumuni, kisha tamati yenye jina. Mtahini alitaka kila jambo liwekwe wazi na kwa utaratibu, kwani ndivyo alivyoweza kutoa alama. Mazoea ya aina hiyo hayang'oki kwa sababu tu mtihani umebadilishwa jina, maana walimu tunaofundisha leo ndio tuliofunzwa jana.

Hadithi, hata hivyo, haina mtahini. Barua iliyomo ndani ya hadithi husomwa na watu wawili kwa wakati mmoja, yaani yule aliyeandikiwa na yule aliyeshika kitabu, na utamu wote umo katika tofauti ya kile anachokielewa huyu na kile anachokielewa yule. Mtoto anayeeleza kila kitu katika barua ya kwanza huwa ameifuta tofauti hiyo, na msomaji wake hana tena kazi ya kufanya.

Nitakupa mfano, nao nimeutunga kwa makusudi kutokana na mambo ambayo watoto wa upande wa ziwa wanayajua kuliko mimi. Tuseme msichana wa Usenge anamwandikia mvulana wa Nakuru barua ya kwanza, na ndani yake mna maneno haya:

"Baba yangu ni mvuvi wa omena, dagaa wetu wa ziwani. Huenda ziwani usiku wa giza na taa zikiwaka juu ya maji, na mwezi ukijaa hubaki nyumbani, kwa sababu omena hawazifuati taa wakati wa mbalamwezi. Kwa hiyo mimi huzijua siku za mwezi bila kalenda."

Mvulana anajibu kwa kueleza habari za heroe wa Ziwa Nakuru, jinsi wanavyosimama kwa mguu mmoja na jinsi wanavyohama maji yanapobadilika. Msichana anaandika barua ya pili, fupi, ya kawaida. Kisha inakuja barua ya tatu:

"Samahani kwa mwandiko huu mbaya. Ninaandikia mlangoni pa jiko na leo ni giza totoro, hata ziwa silioni ila taa zake tu, nyingi kama mji. Baba amelala. Niambie zaidi kuhusu heroe."

Hakuna neno la huzuni hapo, wala hakuna aliyetamka habari ya ugonjwa. Lakini msomaji anayekumbuka barua ya kwanza atashtuka, kwa maana giza limetanda, mashua zote zimetoka, na baba amelala. Mvulana wa Nakuru, ambaye hajawahi kuona omena isipokuwa wale waliokaushwa sokoni, hashtuki hata kidogo. Anaandika kurasa mbili za heroe, kisha anamalizia kwa mzaha: "Mwambie baba yako anivulie debe zima." Barua hiyo itachukua siku nne njiani, na msomaji atazihesabu siku hizo moja moja, akitamani angeweza kuikamata kabla haijafika. Sasa fikiria, Mwalimu, barua ya tatu hiyo hiyo ingeandikwa kwa mtindo wa mtihani: "Ole wangu! Baba yangu mpendwa ni mahututi tangu Jumanne na machozi yananitiririka njia mbili mbili." Mvulana angetuma pole, msomaji naye angetuma pole, na hadithi ingekuwa imekwisha.

Mfano huo una jambo jingine ambalo ningependa ulifundishe, nalo ni muda. Barua na jibu lake huachana kwa siku kadhaa, na katika siku hizo dunia haisimami. Huenda barua mbili zikapishana njiani, mmoja akiomba radhi kwa neno ambalo mwenzake bado hajalisoma. Huenda swali lililoulizwa kwa furaha likafika siku ya msiba. Huenda barua ya nne ikatangulia ya tatu kwa sababu moja ilipitia posta na nyingine ikabebwa na shangazi aliyekuwa akisafiri. Wape watoto karatasi moja wachore mstari wa siku, waandike juu yake tarehe ya kutumwa na chini yake tarehe ya kupokewa kwa kila barua, kabla hawajaandika hata sentensi ya kwanza. Utaona visa vinajitokeza vyenyewe.

Kuhusu sauti za wahusika wawili kufanana, ambalo bila shaka umeliona ingawa hukulitaja, kuna dawa iliyokwisha kujaribiwa. Mwaka 1998 waandishi wawili wa Marekani, Paula Danziger na Ann M. Martin, walitoa riwaya ya vijana iitwayo P.S. Longer Letter Later, ambayo kila mmoja wao aliandika barua za mhusika wake mmoja. Wasichana wawili katika kitabu hicho hawafanani kwa lugha wala kwa tabia, kwa sababu hawakutoka katika kalamu moja. Wagawe wanafunzi wako wawili wawili, kila mmoja achukue mhusika wake, barua zitiwe katika boksi la viatu na kufunguliwa siku ya Ijumaa peke yake, na iwe marufuku kwao kuulizana nje ya barua hadithi inaelekea wapi. Watakaovunja sheria hiyo watakuwa wengi, lakini hata hao watajifunza kitu.

Wala usiwakataze salamu. Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana, na salamu ndiyo mkono unaonyooshwa mlangoni. Ninachokuomba ni kwamba ziwe zinabadilika kadiri urafiki unavyobadilika. Mtoto aliyeandika "Kwa rafiki yangu mpendwa wa Nakuru" katika barua ya kwanza anaweza kuandika "Kwako" katika ya tatu, na katika ya nne akaanza na tarehe tu, bila salamu yoyote. Msomaji wa Kiswahili, aliyelelewa asipite mbele ya mtu bila kumjulia hali, ataingiwa na hofu kabla hajasoma mstari wa pili.

Bwana Mhariri, mimi ni mama wa msichana wa miaka kumi na mmoja hapa Kondele, Kisumu. Baada ya kusoma hadithi mliyoichapisha, amenikalia kooni akitaka vitabu vingine vya namna hiyo, na sasa anataka pia rafiki wa kalamu wa kweli. Nianze na vitabu gani, na hilo la pili nilishike vipi?

Mama, kwa umri wake ningeanza na Dear Mr. Henshaw cha Beverly Cleary, kilichotoka mwaka 1983 na kupewa Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka uliofuata. Ni hadithi ya mvulana aitwaye Leigh Botts, ambaye wazazi wake wametengana na baba yake huendesha lori la masafa marefu. Mvulana huyo anamwandikia mwandishi wa vitabu anayempenda na kumtumia maswali kumi, naye mwandishi, badala ya kujibu tu, anamrudishia maswali yake mwenyewe. Leigh anakasirika, mama yake anamlazimisha ajibu, na katika kujibu kwa shingo upande anaanza kusema mambo ambayo hakukusudia kuyasema. Kiingereza chake ni chepesi, sura ni fupi, na kuna kisa cha mwizi wa chakula cha mchana ambacho mtoto yeyote anayebeba kikopo cha chakula shuleni atakifuata kwa makini. Mtoto wa dereva wa lori, ambao hatuwakosi katika barabara ya Nakuru kwenda Busia, atajiona humo bila kuambiwa.

Ikiwa nyumbani kuna mdogo wake ambaye bado anajifunza kusoma, mtafutieni The Jolly Postman cha Janet na Allan Ahlberg, cha mwaka 1986. Baadhi ya kurasa zake ni bahasha halisi ambazo mtoto huingiza vidole na kuchomoa barua iliyomo. Nakutahadharisha tu kwamba nakala ya mitumba mara nyingi huwa imepoteza barua moja au mbili, kwa hiyo zihesabu kabla ya kulipa.

Daddy-Long-Legs cha Jean Webster, cha mwaka 1912, utakutana nacho tu, kwa kuwa hutajwa kila panapozungumziwa hadithi za barua. Msichana yatima analipiwa masomo ya chuo na mfadhili asiyejitambulisha, kwa sharti la kumwandikia barua moja kila mwezi bila kutarajia jibu. Barua zake ni za kuchekesha na zimejaa uhai, na hakuna kitabu kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi mtu anavyoweza kukua mbele ya macho yetu kwa kalamu yake mwenyewe. Hata hivyo, mimi ningemwekea mwanao hadi afike miaka kumi na minne, na hata wakati huo ningekisoma pamoja naye. Mwishoni inabainika kwamba yule mfadhili ni mwanamume ambaye msichana amekuwa akikutana naye kwa jina jingine, na ambaye amezisoma siri zake zote huku akijifanya hajui lolote. Kisha wanachumbiana, na kitabu kinatutaka tufurahi. Mimi sikufurahi niliposoma nikiwa kijana, na leo nikiwa baba wa wasichana ninafurahi kidogo zaidi ya hapo kwa sababu ya ucheshi wake tu. Ni mahali pazuri pa kumwuliza binti yako: je, ni haki mmoja ajue kila kitu na mwingine asijue hata jina?

Swali hilo ndilo linalonipeleka kwenye sehemu ya pili ya barua yako. Rafiki wa kalamu wa kweli ni jambo jema, lakini apatikane kupitia mwalimu wa shule yake akizungumza na mwalimu wa shule nyingine, si kupitia tangazo. Anwani iwe ya shule, si ya nyumbani, na picha zisitumwe bila wewe kujua. Usimsomee barua zake kwa siri, maana siku atakapogundua hatakuandikia hata wewe. Mwambie tangu mwanzo kwamba utakuwa unajua anaandikiana na nani, na kwamba yaliyomo ni yake isipokuwa akiogopa jambo. Maktaba ya umma hapo Kisumu ni mahali pa kuanzia kuulizia vitabu nilivyovitaja, na mhudumu akikwambia havipo, mwombe akuonyeshe rafu ya hadithi za shajara, kwa sababu shajara ni barua ambayo mtu hujiandikia mwenyewe.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya bweni hapa Nakuru. Ninaandika hadithi ya msichana na mvulana wanaotumiana barua, lakini wenzangu wananicheka wakisema siku hizi hakuna anayeandika barua, kuna simu. Je, ni lazima niiweke hadithi yangu katika mwaka 1985?

Marahaba, mwanangu. Barua yako ninayo hapa mezani. Imeandikwa kwenye karatasi mbili zilizochomolewa katikati ya daftari, matundu ya pini bado yanaonekana, na umeipiga mistari ya kalamu ya risasi ambayo hukuifuta vizuri. Uliniandikia hivyo kwa sababu huruhusiwi kuwa na simu shuleni. Basi wewe mwenyewe ndiwe jibu la wenzako, nao pia, maana nina hakika kwamba miongoni mwa wanaokucheka yupo mwenye barua chini ya godoro.

Shule ya bweni ni mojawapo ya mahali pachache hapa nchini ambapo barua bado ina kazi, na hadithi yako inaweza kutokea muhula huu huu. Unachohitaji kukiandika kwa uangalifu ni njia inayopitiwa na barua, kwa kuwa kila njia ina hatari yake, na hatari ndiyo kisa. Inayokwenda kwa posta hufikia sanduku la shule nzima, na kabla ya kumfikia mwenyewe itapitia mikononi mwa karani na pengine ya mwalimu. Inayobebwa na mwanafunzi wa kutwa hutegemea uaminifu wake na pia uzima wa mfuko wa suruali yake. Kuna inayosubiri tamasha la muziki au mashindano ya michezo ili ipite kutoka mkono hadi mkono, na hiyo huweza kukaa wiki tano ikizeeka ndani ya kitabu cha kemia. Na zamani kulikuwa na iliyofichwa ndani ya kadi ya kuwatakia heri watahiniwa, muhula wa tatu, nayo iliingia kirahisi kwa sababu siku hizo kadi zililetwa kwa magunia na hakuna aliyeweza kuzikagua zote.

Nikiwa kidato cha kwanza, katika shule ambayo sitaitaja, barua niliyoandikiwa na rafiki wa kalamu ilifunguliwa na kusomwa kwa sauti kwenye gwaride la asubuhi. Haikuwa na neno lolote la aibu. Alikuwa ameniuliza kama ni kweli Mlima Menengai huonekana kutoka bwenini. Lakini kwa sababu ilisomwa kwa sauti ya dhihaka, hata swali hilo liligeuka kuwa aibu, na shule nzima ikaniita Menengai hadi nilipomaliza. Ninakueleza haya ili uone kwamba maneno yale yale, yakipita katika kinywa kisichokusudiwa, huwa barua nyingine kabisa. Hakuna ujumbe wa simu utakaokupa tukio la namna hiyo.

Wala simu usiiondoe katika hadithi. Ilete wakati wa likizo. Wahusika wako wameandikiana kwa miezi minane, wamejazana kurasa kwa kurasa, na mwezi wa Desemba wanapata simu za mama zao kwa dakika kumi. Anasema, "Habari." Anajibiwa, "Nzuri." "Uko?" "Niko." Kimya. Mtu anakohoa. "Haya basi." "Haya." Siku iliyofuata kila mmoja anaketi na kuandika barua ndefu kuliko zote, nazo zinapishana njiani mahali fulani karibu na Kericho.

Ikiwa hujatimiza miaka kumi na sita, mwulize mwalimu wako wa Kiswahili kuhusu mashindano ya kimataifa ya kuandika barua yanayoendeshwa na Umoja wa Posta Duniani tangu mwaka 1971 kwa ajili ya watoto wa miaka 9 hadi 15. Kila mwaka hutolewa mada moja, na mara kwa mara mwandishi hutakiwa kujivika sauti isiyo yake. Hata usiposhinda, ni zoezi zuri kwa mtunzi wa hadithi za barua.

Jirani yangu hapa Webuye anadai kwamba hadithi za barua ni mtindo wa Wazungu ambao sisi tumeuiga. Anasema kweli?

Hasemi kweli. Mwana Kupona wa Pate alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alianza kwa kumwita akae karibu na kuchukua wino na karatasi, na yote yanayofuata ni maneno ya mtu mmoja kwa mtu mmoja ambayo sisi wengine tunayasikiliza. Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi, na barua hizo zilichapishwa Dar es Salaam mwaka 2002 kwa jina la Barua za Shaaban Robert 1931–1958. Hizo si hadithi, wala si za watoto wadogo, lakini kijana anayetaka kusikia barua ya Kiswahili ilivyokuwa kabla haijageuzwa kuwa insha ya mtihani hana mahali pazuri zaidi pa kwenda. Na Mariama Bâ wa Senegal alipotoa riwaya yake mwaka 1979, aliifanya yote kuwa barua moja ya mjane kwa rafiki yake; vijana wa kidato cha nne wanaiweza. Mpe jirani salamu zangu.

Je, katika hadithi ya barua anwani iandikwe yote, pamoja na nambari ya sanduku la posta?

Andika mji na tarehe, inatosha. Nambari ya eneo, kwa mfano 20100 ya Nakuru au 40100 ya Kisumu, haina madhara ukipenda kuiweka, lakini nambari ya sanduku uliyoibuni huenda ikawa ya mtu. Miaka kadhaa iliyopita tulichapisha hapa hadithi yenye sanduku la kubuni la Kisumu, na mwenye sanduku hilo, fundi wa baiskeli, alipokea barua kumi na saba za watoto waliotaka kumjua mhusika mkuu. Alizijibu zote.